Maswali yenu ya pesa: sanduku la kufuli, mahindi ya Desemba na riba ya CBK

SWALI: Habari dada. Nauza omena hapa Kibuye, Kisumu, mwaka wa kumi sasa. Siku ikienda vizuri nabaki na mia nane hivi lakini ikifika Ijumaa sijui imeishia wapi. Shemeji ako na mgonjwa, mtoto wa dada anataka fare, na siwezi sema sina wakati iko hapo kwa simu. Kijana wangu wa Maseno anasema kuna maprofesa walipea watu wa huku masanduku ya kuweka pesa wakaona maajabu. Ni ukweli? Mimi nilijua kuweka pesa kwa nyumba ni ushamba.
Mama Omena, Kibuye

JIBU: Mama, kijana anasema ukweli, na nimefurahi umeuliza manake utafiti wenyewe ulifanywa na watu kama wewe, watu wa merigoraundi (vile vyama vya kuchanga pesa na kupokea kwa zamu) upande wa Busia, alafu ukasomwa kote duniani na huku sokoni ni wachache sana nimeskia wakiuongelea.

Walioufanya ni wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, na matokeo yakatoka 2013 kwa jarida la American Economic Review. Walichagua vikundi kwa bahati nasibu. Kuna waliopewa sanduku lenye kufuli, ufunguo wakae nao wenyewe, na kila mtu aseme anawekea nini cha afya, tuseme neti ama dawa ya maji. Wengine wakapewa sanduku hilohilo lakini ufunguo ukabaki na mtu wa mradi mpaka pesa ifike ile walipanga. Wengine chama chao kikaongeza chungu cha pili, kila mkikutana mnachanga kidogo ya afya na anayepokea ananunuliwa kitu yenyewe. Na wengine wakafungua hesabu ya ugonjwa tu.

Sasa sikiza hapa. Lile sanduku la kawaida, ufunguo uko na wewe, unaeza fungua saa yoyote, lilipandisha pesa watu waliweka kwa afya na asilimia 66. Lile la kunyimwa ufunguo halikusaidia hivo, na ukifikiria ni rahisi kuelewa, mtoto akishikwa na malaria usiku na pesa imefungiwa kwa kufuli ya mtu mwingine hiyo pesa haikusaidii, kwa hivyo watu wakaogopa kuiweka hapo. Zile za kikundi ndizo zilifanya vizuri sana, manake mkiwa wengi ni aibu kukosa kuchanga.

Na kuna kitu kimoja chenye kinakuhusu wewe kabisa. Kutengea pesa kazi moja kulisaidia zaidi wale ambao marafiki na jamaa wanawaomba kila mara. Si eti hao watu ni wachoyo, ni vile pesa ikiwa na jina inakuwa rahisi kusema "hiyo ni ya stoku" bila kudanganya mtu. Pesa yako ya simu haina jina mama, na ndiyo maana inaisha.

Dupas na Robinson walikuwa wamefanya utafiti ingine na wafanyibiashara wa Bumala, hukohuko Busia, wakawafungulia akaunti kwa benki ndogo ya kijiji, haina riba hata shilingi na kutoa pesa unakatwa, yaani ukiweka unapoteza. Na bado akina mama wa soko wengi waliitumia, wakaweka akiba zaidi na wakaongeza pesa kwa biashara. Watu wa bodaboda za baiskeli hawakuonyesha mabadiliko. Mimi hii huwa inaniuma roho kila nikiskia mtu akisema mama wa soko hana nidhamu ya pesa. Angekosa nidhamu angekubali kukatwa ndio tu apate mahali pa kuficha pesa? Shida ilikuwa mahali.

Kwa hivyo tafuta fundi jua kali akutengenezee sanduku ndogo yenye tundu juu, kaa na ufunguo, na andika kwa karatasi ni ya nini, stoku ama fees, moja tu usichanganye. Ikijaa usiiache hapo, peleka kwa akaunti manake moto na wezi wako. Na kwa chama chenu uliza kama wengine wataka chungu cha pili.

SWALI: Niko Webuye, nalima ekari mbili. Kila Desemba nauza mahindi bei ya kutupa nilipe fees ya Januari, ikifika Mei nanunua gorogoro kwa bei inaniumiza. Wazee wanasema ni uvivu wa kupanga. Ni mimi mjinga?
Mkulima, Webuye

JIBU: La, ndugu yangu. Umebanwa na wakati. Fees haingoji bei ipande, na wewe pekee yako huwezi badilisha hiyo.

Watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walifanya kazi na wakulima wa huko Bungoma kwenu, kupitia One Acre Fund, shirika la kusaidia wakulima wadogo, wakawapa mkopo mdogo wakati wa kuvuna ndio wasilazimike kuuza. Wale walipata mkopo walishikilia mahindi, wakauza baadaye, na faida kwa ile pesa ikawa karibu asilimia 29. Kitu kingine kizuri, kwenye wakulima wengi wa sehemu moja walipata mkopo, bei yenyewe ya soko haikupanda na kushuka sana kama kawaida, kwa hivyo hata jirani bila mkopo alipata afueni.

Kama kikundi chenu kina pesa, ikopesheni Desemba na irudi Juni, si Machi. Na usihifadhi kwa gunia la kawaida, dumuzi watakumaliza, tafuta ile mifuko haipitishi hewa na ukaushe vizuri kwanza kwa sababu ya sumukuvu.

SWALI: Naskia kwa redio CBK, Benki Kuu ya Kenya, imeshusha riba tena. Mbona mkopo wangu wa sacco haujashuka, na ule wa simu pia?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, ile riba ya redioni inaitwa CBR, yaani riba ya msingi, ni Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu huiweka, kawaida kila miezi miwili, wakiangalia bei za vitu. Wanataka mfumuko wa bei ukae asilimia 5, juu ama chini kwa 2.5. Mwanzo wa 2024 CBR ilifika asilimia 13, wakaanza kushusha Agosti mwaka huo na kufikia Agosti 2025 ilikuwa 9.5.

Lakini CBR inagusa kwanza mabenki. Sacco yako inakopesha pesa ya wanachama, na riba yake ni sacco yenyewe huiweka, si CBK. Ukiwa na mkopo wa benki soma barua ya mkopo, kama riba ni ya kubadilika dai kupunguziwa, na kwa maandishi.

Huo wa simu ndio naomba ufikirie sana. M-Shwari, ile mikopo ya M-Pesa, ilianza 2012 na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukiizungusha kila mwezi mwaka mzima hiyo ni asilimia 90, na CBK ikishusha ni kidogo tu, robo, nusu ama robo tatu ya pointi. Hakuna siku redio itakuokoa hapo. Wengine husema basi serikali iweke kikomo, na iliwahi, Septemba 2016 mabenki yakazuiwa kupita CBR na pointi nne, wakakimbilia kukopesha serikali na mfanyibiashara mdogo akaachwa nje, sheria ikaondolewa Novemba 2019.

Ukiwa na mkopo wa sacco na wa simu pamoja, lipa wa simu kwanza uumalize, hata kama ni mdogo.