Moyo unaponidunda, najua nakufa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Siku moja natoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa meli na mzigo, upepo ulichachamaa, moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikagoma. Nilijua nakufa. Hospitali wamenipima moyo, sukari na damu, hawaoni kitu. Tangu hapo sipandi meli, namtuma wifi yangu. Juzi yakanikuta kwenye daladala, nikashukia Buzuruga. Mama mkwe anasema nina majini. Je, ndiyo naelekea ukichaa?*
*Mama Dagaa, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Huelekei ukichaa, na waliokupima hawakukuficha kitu.

Mwili ukihisi hatari humwaga homoni ya adrenalini, moyo ukaongeza kasi ili misuli ipate damu ya kukimbilia. Sasa melini ungekimbilia wapi? Ukabaki umekaa, unahema juujuu. Kuhema hivyo hutoa hewa ya kaboni kupita kiasi, ndipo vidole na midomo hufa ganzi, kichwa kikawa chepesi, ukahisi hewa imekwisha na kumbe unayo tele. Ganzi ikakutisha, ukahema zaidi, moyo nao ukazidi. Mara nyingi hali hiyo hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe.

Sitakwambia ziwa halina hatari. Wa Mwanza tunaikumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Mtu asiyeogopa kabisa mawimbi, mimi siingii naye mtumbwini! Lakini hofu ileile ikikushika kwenye daladala iliyosimama kwenye foleni, hapo imekuwa maradhi, na yanatibika.

Kinachonitia shaka katika barua yako ni huyo wifi. Kila ukimtuma unapata ahueni, na mwili unaamini umenusurika kwa sababu hukupanda. Ndivyo hofu ilivyotoka melini ikafika Buzuruga. Ukiiachia, kesho itakufuata hadi kwenye meza yako ya dagaa.

Rudi kidogo kidogo. Panda daladala vituo viwili, na moyo ukidunda usishuke, subiri utulie. Ukizoea, vuka kwa kivuko cha Kamanga siku ziwa limetulia, wifi akiwa pembeni. Nansio baadaye. Hofu ikianza, toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta. Kahawa ya alfajiri punguza, inadundisha moyo.

Mama mkwe usibishane naye. Akitaka kukuombea, akuombee, nawe nenda hospitali ya Bugando uulizie idara ya afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo na mtaalamu, na dawa zipo ikibidi. Ila vidonge vya kutuliza au vya usingizi usijinunulie duka la dawa kwa maneno ya jirani. Vingine mwili huvizoea, kuviacha ikawa kazi. Na ukizimia, au kifua kikibana unapobeba mzigo, rudi hospitali siku hiyohiyo, usiseme ni hofu tu.

Halafu, mumeo. Umenitajia wifi, umenitajia mama mkwe, yeye hata neno. Anajua unapitia nini?