Maswali na majibu: kisima cha nyumbani penye mteremko

Swali: Kisima chetu kiko kwenye mteremko, chini kidogo ya shamba. Mvua kubwa ikinyesha, maji hugeuka rangi ya udongo kwa siku mbili tatu, kisha hutakata yenyewe. Ikiwa hutakata, kuna haja ya kuhangaika?

Jibu: Haja ipo, na jambo la kwanza la kutazama ni saa. Maji yanayochafuka saa chache tu baada ya mvua hayakupata muda wa kuchujwa na ardhi. Yamepenya karibu na uso, kwa kawaida kwenye viungo vya pete za juu (pete za zege zinazojenga ukuta wa kisima) au kwenye ufa ulio kati ya sakafu na ukuta. Tope lina nafuu yake, kwa kuwa angalau huonekana; vimelea vilivyosombwa pamoja nalo kutoka shambani na zizini havina rangi, na huweza kubaki majini hata baada ya tope kutuama.

Chagua siku ya jua kali, shika kioo cha kujitazamia kwenye mdomo wa kisima, na ukielekeze hadi mwanga wa jua ushuke ndani. Ukuta utaonekana vizuri kuliko kwa tochi. Juu ya usawa wa maji, tafuta michirizi ya udongo inayoanzia kwenye kiungo, mizizi myembamba iliyochungulia, na madoa mabichi mahali ambapo pengine pote pamekauka. Hapo ndipo maji machafu yanapoingilia.

Mita 3 za juu za ukuta zinatakiwa zisipitishe maji kabisa. Viungo vizibwe kwa saruji, kutoka nje pale panapochimbika kwa usalama na kutoka ndani penginepo, kisha nafasi ya nje ijazwe udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka. Ukuta uinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na sakafu ya zege ienee mita 1 au zaidi kila upande, ikiinamia nje. Hata hivyo, kazi yote hiyo itakuwa bure ikiwa upande wa juu hakuna mtaro wa kukinga maji. Mtaro huo uchimbwe kwa umbo la mwezi mwandamo, mita kadhaa juu ya kisima, ncha zake zikishuka pande zote mbili ili maji yapite kando. Usiuache ukatuamisha maji, kwa sababu mtaro uliojaa takataka hugeuka bwawa dogo juu ya kisima chako.

Swali: Choo cha jirani kiko mita 30 kutoka kisimani kwangu, lakini kiko juu yangu. Je, umbali huo unatosha?

Jibu: Mita 30 ni kanuni ya jumla, nayo haijui mlima. Mara nyingi maji ya chini ya ardhi hufuata mteremko, na penye miamba yenye nyufa yanaweza kusafiri mbali bila kuchujwa. Peleka sampuli ya maji ipimwe vimelea vya kinyesi na naitreti (chumvi itokanayo na kinyesi na mbolea), ikiwezekana katikati ya msimu wa mvua, wakati hali ni mbaya zaidi. Vimelea hufa kwa kuchemsha. Naitreti haiondoki kwa moto, na maji yakipungua sufuriani hubaki imekolea zaidi, jambo ambalo ni hatari kwa watoto wachanga. Zungumza na jirani mapema, hasa kama shimo lake linakaribia kujaa, ili shimo jipya lichimbwe kando na liwe fupi, kitako chake kikibaki angalau mita 2 juu ya usawa wa maji ya masika.

Swali: Tunaishi kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000. Pampu ya mkono ya kufyonza iliyofungwa juu ya kisima hutoa maji vizuri masika, lakini kiangazi, maji yakishuka hadi mita 7, hutoa hewa tupu. Fundi amebadilisha washa za ngozi (vizibo vya duara ndani ya pampu) mara mbili.

Jibu: Huenda washa hazina kosa lolote. Pampu ya kufyonza haivuti maji, ingawa sote husema hivyo. Hutoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Usawa wa bahari, uzito huo unaweza kuinua maji mita 10.3 kwa hesabu tupu, na takriban mita 7 kwa pampu halisi yenye viungo na msuguano wake. Kadiri unavyopanda mlima hewa huwa nyepesi: kwenye mita 2,000 hesabu tupu hushuka hadi mita 8 hivi, na pampu halisi huanza kushindwa kwenye mita 5. Maelezo ya dukani huandikwa kana kwamba wanunuzi wote wanaishi pwani.

Kabla ya kuamua, fanya jaribio moja. Jaza pampu maji jioni, wakati usawa wa kisima bado uko juu, na uipige asubuhi. Maji yakitoka kwa pigo la kwanza au la pili, valvu ya chini (kilango kinachozuia maji kurudi kisimani) na viungo vinashika. Ukilazimika kuijaza upya, valvu hiyo au kiungo kimoja kinavuja, na hapo fundi ana kazi. Ikiwa vyote vinashika na kiangazi pampu bado hutoa hewa, tafuta pampu ambayo silinda yake huzama ndani ya maji, au pampu ya kamba; hizo huyabeba maji kutoka chini na hazitegemei hewa.

Swali: Vijana wangu wanataka kushuka kutoa tope. Nimeambiwa nishushe taa, na ikiendelea kuwaka ni salama. Ni kweli?

Jibu: Taa ikizimika, hakuna anayeshuka. Taa ikiendelea kuwaka, hujathibitisha mengi. Inakueleza habari za oksijeni pekee. Haikuambii kama mna kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, na ikiwa mna methani moto wenyewe unaweza kulipua. Kifaa cha kupimia hewa ndicho cha kutegemewa, nacho kishushwe hadi chini, kwa kuwa hewa ukaa ni nzito na hulala kitakoni. Injini ya mafuta isishushwe kisimani kwa hali yoyote, wala isiwashwe karibu na mdomo wake wakati mtu yuko ndani. Anayeshuka avae mkanda wa mwili uliofungwa kamba, na juu wabaki watu wawili au zaidi wenye uwezo wa kumwinua. Akianguka, avutwe kwa kamba hiyo. Asishuke mtu kumfuata, maana mara nyingi wa pili hufia palepale.

Pete zikionekana kusogea ubavuni, zimeteguka kwenye viungo, udongo wa mteremko unasukuma. Hapo msishuke kabisa, hata hewa ikiwa safi.

Swali: Maji ya kwanza asubuhi huwa na rangi ya kutu.

Jibu: Yakitakata baada ya kupiga pampu kidogo, bomba la chuma linaliwa, badilisha mabomba kwa ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Yakitoka meupe na kugeuka ya kahawia yakikaa ndooni, chuma kimo ardhini, na bomba jipya halitasaidia.

Swali: Tuweke kiasi gani cha klorini baada ya matengenezo?

Jibu: Piga hesabu kwanza. Kisima chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 3 kina lita 3,400 hivi. Kwa kipimo cha miligramu 50 kwa lita, kinahitaji gramu 250 za unga wa klorini wa asilimia 70, au lita 3.4 za dawa ya maji ya kung'arisha nguo (bleach, si sabuni) yenye klorini asilimia 5, isiyo na manukato. Changanya kwenye ndoo ya maji, mwaga ukizungusha ukutani, acha saa 12 bila mtu kuchota, kisha toa maji hadi harufu iishe, mbali na kijito chenye samaki. Dawa hii husafisha yaliyomo leo. Ufa ulioachwa wazi utaingiza uchafu upya mvua ijayo.

Swali: Kisima hukauka mwishoni mwa kiangazi. Tuongeze kina?

Jibu: Pima kwanza kwa kamba yenye mafundo na ulinganishe na kina cha awali, kwa sababu tope laweza kuwa limekula mita nzima. Ikiwa kisima ni safi na bado hukauka, kazi ifanyike maji yakiwa chini kabisa, kwa pete ndogo zinazopita ndani ya zile za zamani na kuzama kadiri udongo unavyotolewa chini yake. Usichimbe chini ya pete za zamani, maana zimeshikwa na udongo tu. Mkikuta mwamba mgumu, elekezeni nguvu juu ya mlima: matuta na mitaro ya kontua, yaani inayokingama na mteremko, ya kuyazamisha maji ya mvua ardhini, lakini iwe mbali sana na ule mtaro wa kukinga, ili maji yachujwe njiani kabla ya kufika kisimani.