Bikari, rula na Warusi: maswali yenu

Tangu niweke ile michoro ya msanii wa Urusi, Aleksandr Rodchenko, ya 1915, miduara na mistari inayokatana, yote ya bikari na rula, maswali hayakatiki. Nimechukua machache.

Kaka, kwa heshima zote, hata mwanangu wa form one ana mkebe wa hesabu. Usanii uko wapi hapo?

Mkebe ndio wenyewe mzee wangu! Wachoraji wa enzi zile walisifiwa kwa mkono, yaani ukiona brashi ilivyopita unajua tu hii ya fulani, sasa Rodchenko akataka mkono usionekane kabisa, mstari uwe kama umechorwa na fundi mitambo. 1916 akaionyesha Moscow kwenye maonyesho ambayo msanii mwenzake Tatlin aliyaandaa ndani ya duka tupu la kukodi, na hapo Urusi bado ina Tsar, yaani mfalme. Mwanao anaweza kuiga, sawa, ila kuiga kunakuja baada ya mtu kuthubutu.

Lile duara linamaanisha nini? Jua? Dunia?

Duara.

Nasikia hao wasanii wa Urusi walikesha wakibishana kuhusu mchoro tu. Walikuwa wanabishania nini hasa?

Hili nalipenda. Kuanzia Januari mpaka Aprili 1921, pale INKhUK, taasisi ya sanaa ya Moscow, waligombania kitu kimoja: komposisheni ni nini na konstraksheni ni nini. Na hawakuishia kuongea, kila mtu alitakiwa alete michoro miwili, mmoja wa hiki na mmoja wa kile. Komposisheni ni kupanga kwa jicho, hapa panapendeza, pale ongeza kidogo. Konstraksheni ni kwamba kila kilichomo kina kazi na hakuna cha ziada, ukitoa kimoja kitu kizima kinaharibika, kama paa ukichomoa boriti. Mimi naona wengi walichemka, michoro yao ya konstraksheni bado ilikuwa mizuri tu ya kutundika ukutani, na nadhani wenyewe waliliona hilo maana Karl Ioganson aliishia kwenye vijiti vya kweli vinavyoshikana kwa nyuzi, vikavutana mpaka vikasimama. Katikati ya mabishano hayo hayo, Machi, ndipo likaundwa kundi la kwanza kujiita wakonstraktivisti, Rodchenko na mkewe Varvara Stepanova wakiwemo.

Dada hapa. Wanawake walikuwepo au ni wake za watu tu?

Dada yangu, Stepanova si wa kusindikiza mume! Septemba 1921 kulikuwa na maonyesho yanaitwa 5x5=25, wasanii watano, kila mmoja kazi tano, na watatu kati yao ni wanawake: Stepanova, Lyubov Popova na Aleksandra Ekster. Baadaye Stepanova na Popova wakaenda kiwanda cha nguo Moscow kubuni vitambaa, mistari na miduara ile ile ikawa magauni, na kwangu hayo ndiyo mafanikio makubwa kuliko picha zote. Popova alifariki 1924 kwa homa, alikuwa na miaka 35 tu.

Stalin aliwafanya nini?

1932 vikundi vyote vya wasanii vilivunjwa kwa amri. Gustav Klutsis, msanii mwenzao aliyekuwa akimtengenezea Stalin mabango, alipigwa risasi 1938. Rodchenko alipona, akafa 1956.

Kazi zenyewe zipo bado?

Zipo, nyingi shukrani kwa George Costakis, Mgiriki aliyekuwa na kazi ubalozini Moscow, alizisaka wakati hakuna anayezitaka. Kuna picha ya Popova, iliyochorwa juu ya plaiwudi, aliikuta imeziba dirisha la nyumba ya shamba, mwenye nyumba akagoma kuitoa kwa sababu mvua itaingia, ikabidi jamaa arudi mjini akatafute plaiwudi nyingine ya kubadilishana. Ukifika Ugiriki nenda Thessaloniki, sehemu kubwa ya mkusanyiko wake iko makumbusho pale.