Mazishi ya asili: jibu kutoka Mikindani

Ndugu uliyeuliza kutoka Masasi kama kumzika mzee wako bila jeneza la vanishi wala kaburi la saruji ni kumvunjia heshima, naomba nikujibu kwa niliyoyaona tulipomzika baba hapa Mikindani.

Kile kinachoitwa mazishi ya asili, ambacho Waingereza walikianzisha mwaka 1993 katika makaburi ya Carlisle, yaani kuzika katika kitu kinachooza na kupanda mti badala ya kusimika jiwe, kwa sehemu kubwa Waislamu wa pwani tunakijua tangu zamani: maiti huoshwa, huvishwa sanda, hulazwa katika mwanandani, yaani shimo dogo ndani ya kaburi, na kufunikwa kwa viunza, yaani mbao za kuzuia udongo, na jeneza lililombeba hurudishwa msikitini kumsubiri mwingine. Viunza vya baba vilikuwa mbao za mwembe zisizopigwa randa. Vilizidi kwa shibiri moja, fundi akavipunguza kwa panga pale pale kaburini.

Uharibifu, kwa maoni yangu, tuliuleta baadaye, tena juu ya ardhi. Arobaini haijaisha, kaka akataka kaburi lijengewe na kubandikwa marumaru, nami nikanyamaza nisionekane bahili. Masika yalipopita udongo ukatitia, zege likapasuka katikati, marumaru zikabanduka, na mama akawa anatuuliza kila Ijumaa tutalirekebisha lini. Udongo wa kaburi ni lazima utitie, kwa sababu mbao na mwili vinaoza, na kuoza huko ndiko kunakotakiwa. Saruji, ambayo utengenezaji wake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu, haina kazi pale ila kuzuia maji na mizizi.

Kwa mzee wako jeneza si tatizo, alimradi mbao ziwe tupu, bila vanishi, bila kitambaa cha nailoni wala vishikio vya chuma. Kama hasafirishwi mbali, mzikeni mapema ili asihitaji kuchomwa fomalini, dawa ya kuzuia maiti isioze. Angalieni pia kisima: Uingereza huelekeza kaburi liwe mbali na kisima cha maji ya kunywa, na sisi tunaochota kwenye visima vifupi tuna sababu zaidi ya kuzingatia hilo.

Mama alipofariki tuliacha tuta la udongo na kupanda mrehani upande wa kichwani. Tumeongeza udongo mara mbili baada ya mvua. Mara ya pili kaka ndiye aliyeleta toroli, ingawa bado hajaniambia kama ameridhika.