Gari la kugeuza nyumba ya safari: HiAce, Sprinter au Ducato?

Ndugu, umeuliza ni gari lipi kati ya Toyota HiAce, Mercedes-Benz Sprinter na Fiat Ducato litakalokugharimu kidogo kulitunza ukiligeuza kuwa nyumba ya safari. Kwa anayeishi Nairobi, ningechagua HiAce bila kusita, kwa sababu ndiyo iliyobeba abiria wa matatu kwa miaka mingi, na kwa hiyo vipuri vyake hujaa Kirinyaga Road, na hata ukiharibikiwa Isiolo utapata fundi anayeifahamu. Injini ya dizeli ya 1KD, iliyomo katika baadhi ya HiAce, ina mkanda wa taiming, yaani unaofanya vali na pistoni ziende sawa; ikiwa muuzaji hana kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, ubadilishe mara moja, maana ukikatika injini huharibika vibaya.

Sprinter ina nafasi kubwa zaidi, lakini matoleo mapya yana kichujio cha masizi na mfumo wa AdBlue (kimiminika cha kupunguza sumu kwenye moshi), vitu vinavyohitaji kompyuta ya uchunguzi na dizeli safi, na huko Marsabit hayo ni mashaka. Ducato, ijapokuwa inapendwa sana Ulaya, hapa ni nadra, nawe ungelazimika kuagiza vipuri kutoka ng’ambo na kusubiri.

Kabla ya kulipa, tafadhali mpeleke fundi wako alikague gari kutoka chini.