Unaposafiri Kutoka Kisumu Kwenda Ng'ambo, Anza Kuhesabu Saa Mlangoni Pako

Watu wa hapa Kisumu wakijua nimewahi kuwapangia jamaa zangu safari, huniuliza: kutoka hapa hadi New York ni mbali kiasi gani? Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 265 kwa ndege, na Nairobi hadi New York ni karibu 11,800. Mimi hugawanya kilomita kwa 850, yaani mwendo wa ndege kwa saa, kisha naongeza nusu saa ya kupaa na kutua. London iko kilomita 6,800 hivi kutoka Nairobi, kwa hiyo ni muda wa saa 8 na nusu. Kisumu–Nairobi inatoka dakika 50, na kweli ndivyo ilivyo. Kwenda Marekani huchukua muda zaidi kuliko kurudi, maana pepo za juu kule kaskazini huvuma zikielekea mashariki.

Lakini waliokosa ndege ninaowajua hawakuponzwa na kilomita. Waliponzwa na tiketi. Jirani yetu mmoja alikuwa anaenda kumwona binti yake aliyejifungua. Jioni ya tarehe 15 sanduku lilikuwa limefungwa, omena ndani, wajomba sebuleni wanasali. Nilipoomba kuiona tiketi, imeandikwa 00:30, tarehe 15. Hiyo ni saa 6 na nusu ya usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Ndege ilikuwa imeshaondoka. Yule mama aliketi palepale kwenye sanduku lake, na hadi leo naumia nikikumbuka. Tafadhali, ukiona tiketi inaanza na 00, toka nyumbani tarehe ya jana yake.

Saa za kuondoka na kufika nazo husomwa kwa majira ya kila mji. Ukiondoka Nairobi saa 6 usiku, ukakaa angani saa 15, utashuka New York saa 2 asubuhi wakati wa kiangazi chao, au saa 1 wakati wa baridi. Kwenye karatasi itaonekana kama safari ya saa 7 au 8 tu. Anayekupokea mwambie saa ya kule.

Kisha angalia ndege ya Kisumu inatua wapi. Nyingine hutua uwanja wa Wilson, na ya ng'ambo iko JKIA, yaani uwanja wa Jomo Kenyatta, kwa hiyo utavuka jiji na mizigo yako. Kama tiketi mbili zimenunuliwa mbalimbali, mzigo utauchukua mwenyewe na kuukabidhi upya, na ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri. Mimi huacha saa 5 au 6 katikati. Wanaopitia Kericho na Nakuru kwa basi nawashauri walale Nairobi usiku mmoja, hasa Desemba, magari yanapojazana kati ya Gilgil na Naivasha.