Kuwaka si kutulia: kwa mnaoanza kuovakloki prosesa

Wadogo zangu mnaoovakloki, yaani mnaoendesha prosesa kwa kasi kuliko ile ya kiwandani, kila mara hadithi ni ile ile. Mtu kaweka kizidishio (namba inayozidishwa na kasi ya msingi kupata kasi ya prosesa) 52, Windows imefunguka, kapiga Cinebench, programu ya kupima prosesa, mara moja, kapata alama nzuri, kapiga picha ya skrini na kuitangaza: "Imekubali!" Wiki haijaisha anarudi kuuliza kwa nini gemu linajifunga lenyewe, na anaapa kwamba ovakloki haihusiki kwa kuwa mtihani ulipita. Nawapenda, na hamu hiyo naijua vizuri. Lakini nimechoka kujibu swali hilo hilo kila anapoingia mtu mpya, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja.

1. Gusa kizidishio, BCLK, yaani kasi ya msingi, iache kwenye megahezi 100. Mia mara 50 ni gigahezi 5, hesabu imekwisha. Kama Core yako ya Intel haina herufi K kwenye jina, au Ryzen yako ya AMD imekaa kwenye ubao wa A520, kizidishio hakipandishwi, usipoteze usiku wako.

2. Kabla ya kupandisha chochote, sasisha bayosi, programu ya ubao inayoiwasha mashine na kushika mipangilio yake. Mwaka 2024 tulishuhudia Core za kizazi cha 13 na 14 zikiharibika hata kwa watu ambao hawajawahi kugusa mpangilio wowote, kwa sababu prosesa zenyewe zilikuwa zikiomba volti kupita kiasi. Intel ikatoa maikrokodi (marekebisho ya maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi uliofuata. Mwaka mmoja nyuma, baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua zikiwa kwenye soketi, na AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3 upande wa SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM. Basi msiliamini sana neno "Auto". Ukipandisha kizidishio na kuacha volti kwenye Auto, ubao wako unaweza kumimina volti nyingi kuliko zinazohitajika, na wewe huna habari.

3. Volti ndiyo inayokula prosesa. Umeme unaotumika hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa ya gigahezi 4.5 kwa volti 1.20, ipeleke gigahezi 5 kwa volti 1.35. Kasi umeongeza asilimia 11. Umeme umeongezeka karibu asilimia 40, na wote huo unageuka joto. Nikimwona mtu anaanza kwa kupandisha volti "ili awe salama" natamani kumnyang'anya kipanya. Panda na kizidishio kwanza, hatua moja moja, mpaka mashine ikatae. Hapo ndipo volti iongezwe, kidogo kidogo.

4. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Hili mnalisikia na kulipuuza, kwa hiyo nitawasimulia kisa cha kijana mmoja, naye ameniruhusu.

Alijenga mashine yake mwenyewe, kazi safi, nyaya zimepangwa vizuri. Usiku ule ule wa kwanza akawasha XMP, mpangilio wa kuikimbiza RAM kuliko kasi yake ya kawaida, akapandisha kizidishio, na akashusha volti ili ipoe. Vyote vitatu kabla ya kulala. Ikawaka. Gemu zikacheza. Akaridhika, akaanza kuitumia kwa utafiti wake wa chuo: alikuwa anarekodi mahojiano, anayabana kwa 7-Zip, anayahamishia kwenye diski ya nje, kisha anafuta faili za awali ili apate nafasi.

Alipokuja kwangu alikuwa na malalamiko ya diski mbovu. Anafungua kifurushi, kinamwandikia "CRC Failed", yaani yaliyomo hayalingani na yaliyowekwa. Tukafungua kingine, kikafunguka bila tatizo. Cha tatu kikagoma. Majina ya faili yako sawa, ukubwa uko sawa, tarehe ziko sawa. Ukitazama folda huwezi kudhani kuna kitu kimeoza ndani. Tukapima diski, nzima kabisa. Ndipo nikamuuliza amegusa nini kwenye bayosi, akanitajia orodha yote kwa fahari.

Tukarudisha RAM kwenye kasi yake ya kawaida, tukabana folda moja ya majaribio, tukakagua kifurushi: kizima. Tukawasha tena XMP na kurudia. Kizima. Tukarudia tena. Kibovu. Hapo ndipo penye maumivu: haikuwa inakosea kila mara. Ingekosea kila mara angeigundua siku ya kwanza. Memtest86 ikaonyesha makosa ya RAM. Nikamwambia afungue Event Viewer, daftari la matukio la Windows, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, na humo tukakuta onyo la WHEA-Logger (ripoti ya makosa ya vifaa) namba 19 limejipanga ukurasa baada ya ukurasa. Namba 19 ni kosa ambalo prosesa imelikamata na kulirekebisha yenyewe. Maana yake prosesa nayo ilikuwa ukingoni muda wote huo, inajishikilia, haisemi kwa sauti.

Kwa hiyo kulikuwa na kasoro mbili, na kwa kuwa aliziingiza usiku mmoja, hatukuweza kujua kifurushi kipi kiliharibiwa na ipi. Isitoshe, kujua kusingesaidia. Data ilikuwa imeharibika wakati inabanwa, kabla haijafika kwenye diski, kwa hiyo hakuna programu ya kuokoa faili ambayo ingeirudisha. Haikuwahi kuandikwa sahihi. Nakala ya pili aliyokuwa nayo ilitokana na vifurushi vile vile, imebeba uozo ule ule. Mahojiano yaliyosalimika ni machache ambayo alikuwa bado hajayafuta kwenye simu. Watu walikuwa wamekaa naye, wakamweleza mambo ya maisha yao, na sauti zao zimepotea kwa ajili ya megahezi mia mbili tatu. Aliketi pale anabofya faili moja baada ya nyingine, hasemi kitu.

Tangu siku ile nikisikia mtu analalamikia skrini ya buluu namwambia ashukuru. Mashine inayozimika imekuambia ukweli mapema.

5. Vipimo. Cinebench ya dakika kumi inakuonyesha joto, basi. Prime95 kwa mtihani wake wa Small FFTs inaikamua prosesa, y-cruncher na OCCT zinakamata makosa ambayo Prime95 inayaacha, na RAM ipimwe peke yake usiku kucha. Wenye Ryzen mnaochezea Curve Optimizer, mpangilio wa kupunguza volti ya kila kiini (core) cha prosesa, kuweni macho: mzigo mzito unaweza kupita vizuri, halafu kompyuta ikajizima wakati unasoma barua pepe. Kiini kimoja kikibaki peke yake hupanda juu kuliko vyote vinapofanya kazi pamoja, na huko juu ndiko volti uliyoipunguza haitoshi. CoreCycler inapima kiini kimoja kimoja. Iachie ifanye kazi.

6. Tazama kasi halisi kwenye HWiNFO, programu ya kusoma vihisi vya mashine, wakati wa mzigo. Core nyingi zina ukomo wa joto wa nyuzi 100, Ryzen 7000 nyingi 95. Zikifika huko zinajipunguza kimya kimya, na gigahezi 5.2 uliyoiandika inakuwa 4.8. Pimeni saa ya joto kali, chumba kikipanda nyuzi kumi na prosesa inapanda karibu hivyo hivyo.

7. Load-Line Calibration, mpangilio unaozuia volti kushuka mzigo unapopanda, msiweke ya juu kabisa. Mzigo ukishuka ghafla volti huruka.

8. Jua pini za kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya bayosi) ziko wapi kabla hujaanza, na andika mipangilio yako kwenye karatasi.

9. Jiulize unapata nini. Mwaka 1998 prosesa ya Celeron 300A ilitoka megahezi 300 ikafika 450 kwa kubadilisha kasi ya msingi (bus) kutoka megahezi 66 hadi 100, nyongeza ya nusu nzima ya kasi, bure. Prosesa za sasa zinatoka kiwandani zikiwa karibu na kikomo, na mara nyingi utaambulia asilimia chache. Kwa mtu wa gemu, furaha ya kuzitafuta inatosha. Kwa mwenye data za watu kwenye mashine, mimi nasema aziache, au walau awe na nakala aliyoikagua kwenye kompyuta nyingine isiyoguswa.

Ukikwama, niletee toleo la bayosi, volti inayosomeka chini ya mzigo, joto la juu kabisa, na kilichoandikwa kwenye WHEA. Tutaanzia hapo.